Prosesa imeingia kwenye soketi bila kulazimishwa, lakini ubao mama hauitambui: kasoro iko wapi?

Mjenzi Mpya (mchango 1)

Habari zenu wadau. Nimeunganisha kompyuta yangu ya kwanza kwa mikono yangu mwenyewe, na huu ni usiku wa tatu ninaitazama ikizungusha feni bila kuonyesha chochote kwenye skrini. Ubao mama ni wenye chipseti (chipu kuu ya ubao inayoratibu vifaa) ya B450 na umeshatumiwa na mtu mwingine. Prosesa ni Ryzen 5 5600, nayo imetumika. RAM ni vijiti viwili vya DDR4, kila kimoja GB 8. Kadi ya grafiki naiamini kwa sababu imetoka kwenye kompyuta inayofanya kazi. Pawasaplai ni ya wati 550 na ni mpya. Nikibonyeza kitufe, feni zote zinazunguka, kisha taa ndogo nyekundu iliyoandikwa CPU (yaani prosesa) inawaka pembeni mwa ubao na haizimiki tena.

Soketi ya ubao ni AM4, na prosesa ni ya AM4. Niliiweka kwa kufuata ile pembetatu ya dhahabu ya kwenye kona, ikazama kwa uzito wake yenyewe, nami nikashusha mkono wa soketi bila kutumia nguvu. Kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao, jina la prosesa hii limo katika orodha ya zinazokubalika. Kwa hiyo ninadai kwamba tatizo haliwezi kuwa la kutoendana, na kwamba nimeuziwa prosesa iliyokufa. Kama nimekosea, naomba mnionyeshe nilipokosea kabla sijairudisha.

Jicho la Pini (mchango 2)

Karibu, Mjenzi. Usiirudishe bado. Soketi inakuambia jambo moja tu, kwamba umbo na idadi ya pini vinalingana. AM4 ina pini 1331, na Ryzen za kwanza za mwaka 2017 zinaingia kwenye tundu lilelile linaloingiza yako. Lakini mbao za B450 zilianza kutoka mwaka 2018, na Ryzen 5 5600 ilitoka Aprili 2022. Ubao uliotoka kiwandani kabla ya hapo huenda ulibeba BIOS (programu ya ndani ya ubao inayoamsha vifaa) isiyoijua prosesa hiyo hata kidogo, na ubao usiojua namna ya kuiamsha prosesa hufanya hasa hicho unachokieleza: unatoa umeme, unazungusha feni, kisha unabaki palepale.

Rudi kwenye ile orodha. Katika mstari wa prosesa yako, tazama safu inayotaja toleo la BIOS ambalo prosesa inaanzia kukubalika. Halafu tafuta chipu ya BIOS kwenye ubao wako, kwa kuwa mara nyingi huwa na kibandiko kidogo chenye namba ya toleo lililowekwa kiwandani.

Mjenzi Mpya (mchango 3)

Ahsante. Nakiri kwamba safu hiyo sikuisoma. Nilitafuta jina la prosesa, nikaliona, nikafunga ukurasa. Toleo linalotajwa pale ni la mwaka 2022. Kibandiko kwenye chipu kipo, lakini kimechubuka na ninasoma herufi mbili tu, kwa hiyo sina namna ya kujua mwenye ubao wa kwanza aliwahi kusasisha au la.

Bi Saketi (mchango 4)

Kabla hamjafika mbali na BIOS, naomba tuhakikishe umeme, kwa sababu mimi nilishapoteza siku mbili kwa kuruka hatua hii. Kebo kubwa ya pini 24 peke yake inatosha kuwasha taa na feni zote, ukadhani ubao uko hai. Prosesa hulishwa na kebo nyingine ya volti 12 yenye pini nane, au nne mara mbili, inayochomekwa juu kushoto karibu na soketi. Kebo hiyo isipoingia mpaka kibano kikalia, taa ya CPU itawaka kama ilivyo kwako.

Angalia pia kwamba hukuchomeka pale kebo ya kadi ya grafiki. Nayo ina pini nane na kwa macho zinafanana sana, lakini mpangilio wa nyaya za volti 12 na za ardhi ni tofauti. Plastiki zake zimeumbwa zisiingiliane, ila mtu mwenye haraka na vidole vyenye nguvu anaweza kuzilazimisha, na akifanya hivyo anaweza kuua ubao.

Mzee wa Nyaya (mchango 5)

Vijana, taa iliyoandikwa CPU haimaanishi prosesa peke yake. Kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, na kuna mbao ambazo RAM ikikaa vibaya huwasha taa hiyo badala ya ile ya DRAM, yaani ya RAM. Mjenzi, ondoa kijiti kimoja. Kilichobaki kiweke kwenye nafasi ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ile inayoandikwa A2, kisha ukisukume mpaka usikie mlio wa kibano. Nimewaona watu wakibadilisha prosesa tatu kumbe kijiti kilikuwa kimekaa nusu.

Na skrini umeichomeka wapi? Ryzen 5 5600 haina grafiki za ndani. Zilizo nazo ni zile zenye herufi G, kama 5600G. Ukichomeka kwenye tundu la ubao hutaona kitu hata kama kila kitu ni kizima.

Kasi Tupu (mchango 6)

Mimi nasema mnamzungusha bure. AMD, kampuni inayotengeneza Ryzen, ilitangaza yenyewe kwamba mbao za B450 hazitapokea kizazi cha 5000, ambamo 5600 imo. Auze ubao huo, atafute wa B550, mambo yaishe.

Jicho la Pini (mchango 7)

Ndugu Kasi, umesoma tangazo la kwanza ukaacha la pili. Ni kweli kwamba Mei 2020 AMD ilisema kizazi hicho kitaishia kwenye chipseti za 500, lakini watumiaji walilalamika sana, na ndani ya mwezi huohuo ikabadilisha uamuzi na kuahidi BIOS za B450 na X470. Baadaye, mwaka 2022, hata mbao za mfululizo wa 300 zikaruhusiwa.

Sababu iliyotolewa wakati ule inafaa kujulikana, kwa kuwa inamhusu Mjenzi moja kwa moja. Mbao nyingi za wakati huo zina chipu ya BIOS ya MB 16 tu, na ndani yake inabidi kuwekwe maelekezo ya kuamsha kila prosesa ya AM4 tangu za mwanzo. Nafasi ilipojaa, baadhi ya watengenezaji waliondoa prosesa za zamani ili za karibuni ziingie, na wengine walirahisisha ukurasa wa mipangilio ukabaki na maandishi matupu. Ndiyo maana mtu anayesasisha hupaswa kusoma maelezo ya kila toleo: lipo linaloifungulia mlango prosesa mpya na kuifungia ya zamani, na wakati mwingine kurudi nyuma hakuwezekani.

Kasi Tupu (mchango 8)

Nimekubali kusahihishwa kuhusu tangazo. Bado naona ubao wa B550 ungemwondolea usumbufu.

Mlinzi wa Soketi (mchango 9)

Naomba niongeze kisa changu cha upande wa Intel, maana kinajibu swali la msingi la mleta mada kuhusu kuingia na kuendana. Nilikuwa na ubao wa mfululizo wa 200, soketi LGA 1151, na ndani yake prosesa ya kizazi cha 7. Kizazi cha 8 kilipotoka Oktoba 2017, soketi ikiitwa jina lilelile na yenye idadi ileile ya pini, nikanunua prosesa mpya, nikaiweka, ikakaa vizuri kabisa. Haikuwaka. Intel ilikuwa imebadilisha kazi za baadhi ya pini, nyingi zikiwa za umeme, na kizazi hicho kilihitaji mbao za mfululizo wa 300. Hakuna BIOS rasmi ambayo ingenisaidia.

Hali ilijirudia kwa namna nyingine kwenye LGA 1200. Prosesa za kizazi cha 11 zinaingia katika soketi ileile ya kizazi cha 10, lakini chipseti za H410 na B460 hazikuwekwa katika orodha ya Intel ya zinazozikubali. Kwenye LGA 1700 mambo ni nafuu, kwa sababu vizazi vya 12, 13 na 14 vinakaa pamoja iwapo BIOS ya mbao za mfululizo wa 600 imesasishwa. Huko jambo linalowaangusha watu ni RAM, kwani kuna mbao za DDR4 na mbao za DDR5, na kijiti cha upande mmoja hakiingii upande wa pili.

Bi Saketi (mchango 10)

Kaka Mlinzi, kisa ni kizuri, lakini umetuhamisha kutoka AMD mpaka Intel na mgonjwa wetu bado yuko kitandani.

Mlinzi wa Soketi (mchango 11)

Dada, nimehama kwa makusudi. Mjenzi alisema kwamba prosesa ikiingia bila kulazimishwa na jina likiwa kwenye orodha, basi haiwezekani kuwa ni kutoendana. Nilitaka aone kwamba vipo vifaa vinavyoingiana kikamilifu na visivyozungumza kabisa.

Mjenzi Mpya (mchango 12)

Nimejaribu mliyoyasema. Kebo ya pini nane iko mahali pake na ni ya prosesa. Skrini imechomekwa kwenye kadi ya grafiki. Kijiti kimoja katika A2 hakikubadilisha kitu, na nimejaribu vijiti vyote viwili kwa zamu. Nimetoa betri ya ubao (CR2032) kwa dakika kumi ili mipangilio ya BIOS ifutike, nikairudisha, taa ni ileile.

Lakini nilipoichomoa prosesa na kuipiga picha kwa simu kwa karibu sana, nimeona kwamba upande mmoja pini mbili za mstari wa nje hazijasimama wima. Zimeinama kidogo sana kuelekea ndani. Sikuziona hapo awali, na siwezi kusema kama nilizipinda mimi au zilikuja hivyo.

Mzee wa Nyaya (mchango 13)

Hapo sasa. Tumempata mhalifu.

Jicho la Pini (mchango 14)

Mzee wangu, kwa heshima, tusihukumu mapema. Prosesa iliingia kwa uzito wake, jambo linaloonyesha kwamba pini zote zilipata matundu yake. Iliyoinama kidogo hujinyoosha inapoingia. Tena pini nyingi za prosesa ni za ardhi au za umeme na zinasaidiana, hivyo moja ikikosa mguso, nyingine huendelea na kazi. Hata hivyo zipo zinazobeba mawasiliano ya RAM au ya kadi ya grafiki, na hizo hazina mbadala.

Mjenzi, zinyooshe kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, ukiwa umeitoa risasi yake: pini inaingia kwenye mrija ule mwembamba, nawe unairudisha kidogokidogo huku ukilinganisha na mstari wake. Usiinamishe kwenda na kurudi mara nyingi, kwa kuwa shaba huchoka na kukatika.

Mkono Mwepesi (mchango 15)

Kuhusu zilivyopinda, nadhani najua. Kwenye AM4 prosesa hubanwa kwa pini zake tu, hakuna kifuniko cha chuma juu yake kama kwenye AM5 au Intel. Ile krimu ya kupitishia joto ikikauka hugandisha prosesa kwenye kipoozaji, na mtu akikivuta kipoozaji wima, prosesa inang'oka nacho ikiwa soketi bado imefungwa. Ilinitokea na prosesa ya mdogo wangu, ikapinda pini kumi na moja, na nilikaa na sindano na kioo cha kukuzia mpaka alfajiri. Tangu siku hiyo, kompyuta ikiwa inawaka, huiacha ifanye kazi dakika kadhaa ili krimu ilainike, kisha naizima, nachomoa waya wa umeme na kukizungusha kipoozaji kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Prosesa iliyotumika inaweza kuwa imepitia hayo kabla haijakufikia.

Nuru ya Asubuhi (mchango 16)

Samahani kwa kuingia nimechelewa. Kuna uwezekano ambao hamjautaja, wa prosesa kufungiwa kwa mtengenezaji mmoja. Zipo kompyuta za maofisini ambazo, mara prosesa inapowashwa ndani yake, hujifunga kwa saini ya BIOS ya kampuni ile, na baada ya hapo haikubali kuwaka kwenye ubao wa kampuni nyingine. Ukinunua prosesa ya namna hiyo bila kujua, unanunua kitu kizima ambacho hakitafanya kazi kwako kamwe.

Jicho la Pini (mchango 17)

Umefanya vema kulitaja, ila kufungiwa huko kunajulikana kwa prosesa za EPYC, ambazo ni za seva, na za jamii ya PRO, yaani Ryzen PRO na Threadripper PRO. Ryzen 5 5600 ya kawaida haimo katika kundi hilo. Mjenzi, soma maandishi juu ya chuma chake. Kama hakuna neno PRO, wazo hili liweke chini kabisa katika orodha yako.

Mjenzi Mpya (mchango 18)

Hakuna neno PRO. Pini nimezinyoosha na zimekaa kwenye mstari. Taa ya CPU bado inawaka. Swali langu sasa: nitasasishaje BIOS ilhali kompyuta haiwaki?

Mlinzi wa Soketi (mchango 19)

Tazama nyuma ya ubao, karibu na matundu ya USB, kama kuna kitufe cha kuandikia BIOS bila prosesa. Kikiwepo, unaumbiza flashi kwa mfumo wa mafaili wa FAT32, unaweka faili la BIOS kwa jina ambalo mtengenezaji anataka, unaunganisha umeme na kubonyeza. Taa itapepesa kwa dakika kadhaa. Usiguse kitu mpaka itulie. Kisipokuwepo, azima prosesa ya zamani ya AM4, kwa mfano Ryzen 5 2600, usasishe nayo. AMD pia imekuwa na utaratibu wa kumwazima mteja prosesa kwa ajili ya kazi hii, lakini masharti yake ni ya mnunuzi wa prosesa mpya.

Mzee wa Nyaya (mchango 20)

Ipo pia njia ya kuibana chipu ya BIOS kwa kibano na kuiandika kwa kifaa cha nje. Mimi huitumia, lakini simshauri anayeanza. Baadhi ya chipu ni za volti 3.3 na nyingine za 1.8, na ukiilisha ya 1.8 kwa umeme wa 3.3 unaweza kuichoma.

Mjenzi Mpya (mchango 21)

Wadau, kuna habari. Kitufe hicho ubao wangu hauna, lakini rafiki aliniazima Ryzen 5 2600 kwa jioni moja. Niliiweka, ikawaka mara ya kwanza, na BIOS ilikuwa ya mwaka 2019. Nikasasisha kwa hatua, kwanza toleo la kati ambalo maelezo yalilitaka, kisha lile la 2022. Nikarudisha 5600. Taa ya CPU imezimika kabisa. Sasa inayowaka ni ya DRAM.

Nikiacha kijiti kimoja tu katika A2, picha inatokea na kila kitu kinakwenda. Nimeandika ujumbe huu kwenye kompyuta hiyohiyo. Nikiongeza cha pili katika nafasi ya B2, skrini inarudi kuwa nyeusi. Nimebadilisha vijiti kwa zamu, na kila kimoja kinafanya kazi kikiwa peke yake A2. Kikiwa peke yake B2, hakuna kinachowaka.

Jicho la Pini (mchango 22)

Hongera kwa ulipofika. BIOS ilikuwa sehemu ya tatizo, hilo halina ubishi tena. Kilichobaki kinaonekana kuwa chaneli ya pili ya RAM, yaani njia ya nafasi za B, na sasa zile pini mbili zinanirudia akilini, nami naondoa nilichosema katika mchango wa 14 kwamba tusizihukumu.

Mzee wa Nyaya (mchango 23)

Nami sasa nasita kuzilaumu. Kijiti kuwa peke yake B2 si kipimo cha uhakika, kwa sababu zipo mbao zinazotaka A2 ijazwe kwanza. Nashuku vijiti vyenyewe. Je, vilinunuliwa kama jozi? Viwili vyenye ukubwa mmoja vinaweza kuwa na chipu tofauti ndani, kimoja kikawa na chipu upande mmoja na kingine pande mbili, vikakataa kukaa pamoja. Hakikisha XMP (mpangilio wa kuiendesha RAM kwa kasi zaidi) imezimwa na ujaribu kwa kasi ya 2133.

Mkono Mwepesi (mchango 24)

Mimi nauliza kuhusu kipoozaji. Ukikaza skurubu za upande mmoja zaidi ya mwingine, mguso wa pini unaweza kulegea, na mara nyingi chaneli moja ya RAM ndiyo hupotea kwanza. Legeza zote, kaza kwa msalaba, kila moja nusu mzunguko kwa zamu.

Bi Saketi (mchango 25)

Kabla ya yote hayo, Mjenzi: ulipoweka ile 2600, vijiti vyote viwili vilionekana?

Mjenzi Mpya (mchango 26)

Niliiwasha ikiwa na kijiti kimoja tu katika A2, kwa kufuata ushauri wa mchango wa 5, na sikufikiria kuongeza cha pili. Vijiti havikununuliwa kama jozi, ingawa vibandiko vyake vinafanana. XMP sijawahi kuiwasha, na kasi inayoonekana ni 2133. Skurubu nimezikaza upya kwa msalaba, hali ni ileile. Ile 2600 nimeshairudisha kwa mwenyewe.

Bi Saketi (mchango 27)

Basi iombe tena, hata kwa nusu saa. Vijiti viwili vikionekana na 2600, ubao na soketi ni vizima, nawe utarudi kwenye pini za 5600. Visipoonekana, prosesa yako haina kosa, na utakuwa na ubao au vijiti vya kuuliza maswali.

Mjenzi Mpya (mchango 28)

Nimemwandikia. Amesema Jumamosi.